Mfalme Aliyechelewa: Maisha ya Mwanga wa Buganda

Katika misioni za Fizi na Baraka, na katika kapela za vijiji vinavyozizunguka, tarehe 3 Juni ya kila mwaka ni siku ya kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Majina ya Karoli Lwanga, Matia Mulumba na kijana Kizito yanajulikana na wakubwa kwa wadogo. Lakini mfalme aliyewaua hutajwa mara moja tu, kama mtu mwovu wa hadithi, kisha huachwa. Wachache hujua alikuwa na umri gani siku ile, na wachache zaidi hujua mambo yaliyompata baadaye.

Mfalme huyo aliitwa Mwanga. Maisha yake yanamfaa sana mkatekumeni, kwa sababu yeye naye alikuwa mkatekumeni. Alifundishwa sala, akaijua njia, akaufikia mlango; kisha akasimama mlangoni miaka mingi, asiingie wala asiondoke. Katika miaka ile ya kusimama, watu wengi walikufa.

Msafara mmoja, maziwa mawili

Mwaka 1878 Mapadri Weupe wa kwanza walitoka Bagamoyo, pwani ya bahari, kwenda bara. Walitumwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers. Walitembea pamoja mpaka Tabora, na huko wakaagana. Wengine walishika njia ya Ziwa Tanganyika, wakafika Ujiji mwezi Januari 1879, na baada ya muda wakavuka mpaka ukingo wa magharibi. Wengine walishika njia ya kaskazini, kwenda Ziwa Nyanza. Basi imani iliyofika kwenye maji ya Tanganyika na imani iliyofika Buganda zilisafiri katika msafara mmoja, zikalala katika kambi moja.

Mwezi Februari 1879 Padri Lourdel na Bruda Amans walifika Buganda. Mfalme wa nchi ile, ambaye cheo chake ni Kabaka, alikuwa Mutesa. Alikuwa mtu mwenye akili na mwenye hila. Aliwakaribisha Waislamu, akawakaribisha Waprotestanti kutoka Uingereza, akawakaribisha na Wakatoliki. Akawasikiliza wote, wala hakumfuata mmoja kwa moyo wote.

Mutesa alikuwa na watoto wengi. Mmoja wao alikuwa Mwanga, aliyezaliwa yapata mwaka 1868, na mama yake aliitwa Bagalayaze. Kijana huyu alizoea kuwatembelea wamisionari. Alipenda kuongea na Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera. Mwaka 1882 Mapadri waliona hatari katika nchi, wakaondoka, wakaenda kukaa Bukumbi, kusini ya ziwa, karibu na Mwanza. Lakini mbegu walikuwa wamekwisha kuipanda, na Wakristo waliobaki waliendelea kufundishana wenyewe kwa wenyewe.

Kijana juu ya kiti cha enzi

Mwezi Oktoba 1884 Mutesa alifariki. Tarehe 18 ya mwezi huo Mwanga alitawazwa kuwa Kabaka. Alikuwa na umri wa miaka 16 hivi. Wakristo walifurahi, wakadhani siku njema zimefika. Naye kweli aliwaita Mapadri warudi, nao wakarudi mwezi Julai 1885.

Lakini kijana huyu alikuwa na maadui watatu, na wote watatu waliishi ndani ya nyumba yake.

Adui wa kwanza alikuwa hofu. Habari zilifika kutoka pwani kwamba Wadachi wanatwaa nchi za watu. Tena Waganda walikuwa na hadithi ya kale kwamba watakaoimeza nchi yao watatokea upande wa mashariki, kwa njia ya Busoga. Hofu hiyo haikuwa upuuzi, kwa maana nchi nyingi za Afrika zilitwaliwa katika miaka ile. Lakini hofu isiyoongozwa na haki humfanya mtu kumpiga yeyote aliye karibu naye.

Adui wa pili alikuwa washauri wabaya. Waziri mkuu, aitwaye kwa cheo Katikiro, alimtumikia Mutesa kabla yake, naye aliwachukia Wakristo kwa kuwa aliona heshima yake inapungua. Kila mara alimnong'oneza mfalme kwamba wale wanaosali ni wasaliti.

Adui wa tatu alikuwa tamaa zake mwenyewe. Mwanga alivuta bangi, na aliwataka vijana waliotumika katika jumba lake kufanya naye mambo ya aibu. Wale waliokuwa wamefundishwa dini walikataa. Mfalme aliyezoea kutiiwa na machifu wote wa nchi akaona anakataliwa na watoto wanaomtandikia mikeka. Haya yake ikageuka hasira.

Damu ya kwanza

Tarehe 31 Januari 1885, kabla hajamaliza miezi minne katika ufalme, vijana watatu Waanglikana waliuawa kwa moto mahali paitwapo Busega. Mwezi Oktoba mwaka ule ule Askofu Mwanglikana James Hannington alikuja kwa njia ya Busoga, njia ile ile ya hadithi ya kale. Mwanga akaamuru auawe, na akauawa pamoja na wengi wa wapagazi wake.

Katika jumba la mfalme alikuwamo Mkristo mmoja mwenye cheo, Yosefu Mukasa Balikuddembe. Alikuwa mkubwa wa vijana wa ndani, na Mwanga alimpenda na kumtegemea. Huyu alimwendea mfalme kwa heshima, akamwambia wazi kwamba kumwua mgeni asiye na kosa ni dhambi. Tena aliwakinga vijana ili wasiharibiwe.

Hapa Mwanga alifika penye njia panda ya kwanza. Mbele yake alikuwapo mtumishi mmoja aliyempenda kiasi cha kumwambia ukweli, na Katikiro mmoja aliyemwambia maneno ya kumpendeza. Akamchagua Katikiro. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu Mukasa alikatwa kichwa na mwili wake ukachomwa moto. Kabla ya kufa alimpa mwuaji ujumbe wa kumpelekea mfalme, kwamba amemsamehe, ila anamshauri atubu. Kwa maana asipotubu watakutana mbele ya hukumu ya Mungu.

Ujumbe ule ulimfikia Mwanga. Ulikuwa kama katekisimu nzima katika maneno machache, yenye msamaha, toba na hukumu. Mfalme aliusikia, lakini moyoni hakuupokea.

Kizito na mfalme

Tarehe 25 Mei 1886 Mwanga alikuwa Munyonyo, kando ya ziwa. Alikwenda kuwinda viboko, asipate kitu, akarudi na uchungu. Aliwaita vijana wake, wala hawakuitika upesi. Akamkuta mmoja, Denis Ssebuggwawo, ambaye alikuwa akimfundisha dini mwana wa Katikiro. Mfalme akamchoma kwa mkuki kwa mkono wake mwenyewe, na kesho yake Denis akamalizwa na wauaji.

Usiku ule milango ya jumba ilifungwa. Ndani, Karoli Lwanga, aliyepokea kazi ya Yosefu Mukasa, aliwakusanya vijana waliokuwa chini yake. Wengine miongoni mwao walikuwa bado wakatekumeni. Akawabatiza usiku ule. Mmoja wao alikuwa Kizito, mtoto wa miaka 14 hivi.

Mkatekumeni na autafakari usiku huo wa Munyonyo. Katika boma moja walilala vijana wawili. Mmoja alikuwa mtoto mtumishi asiye na mali. Mwingine alikuwa Kabaka wa Buganda, naye umri wake ulikuwa miaka 18 tu. Wote wawili walikuwa wamesikia habari za Yesu. Kizito alijua kwamba Ubatizo unaweza kumletea kifo asubuhi, akauomba, akaupata. Mwanga alikuwa na uwezo wa kufanya lolote alilotaka, akautumia usiku ule kufikiri adhabu.

Asubuhi mfalme aliwaamuru wale wanaosali wasimame upande mmoja. Karoli Lwanga akatangulia, na wengine wakamfuata. Wakafungwa, wakaanza safari ya kwenda Namugongo, na wengine wakauawa njiani. Waliofika walikaa siku kadhaa katika minyororo huku kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa kwa Bwana, walichomwa moto. Wakatoliki na Waanglikana walikufa pamoja. Tangu mwaka 1885 mpaka Januari 1887, Wakatoliki waliouawa na ambao majina yao yamehifadhiwa ni 22, na Waanglikana ni 23.

Mwanga alidhani amekwisha kuizima dini. Lakini watu wa Buganda waliokuwa hawajali walianza kuuliza ni kitu gani kinachoweza kumfanya mtoto aende motoni bila kulia. Wakaenda usiku kwa Mapadri kuomba kufundishwa.

Mkimbizi wa Bukumbi

Moyo uliojaa hofu hautulii kwa kumwaga damu. Mwaka 1888 Mwanga alianza kuwaogopa hata askari wake mwenyewe, Wakristo na Waislamu, waliokuwa na bunduki. Akafanya shauri la kuwapeleka kisiwani na kuwaacha huko wafe kwa njaa. Siri ikafichuka. Mwezi Septemba mwaka ule Waislamu na Wakristo wakaungana, wakamwondoa, wakamtawaza ndugu yake Kiwewa.

Mfalme akakimbia kwa mtumbwi na vijana wachache. Yeye aliyekuwa akibebwa mabegani na watu akawa mkimbizi majini. Alifika Magu, kusini ya ziwa, akakaa kwa mfanyabiashara Mwarabu karibu kama mfungwa. Mwisho akatoroka huko, akaenda kubisha mlango wa misioni ya Bukumbi.

Mapadri wa Bukumbi walimjua anayebisha. Walikuwa wamewafundisha wale waliochomwa Namugongo. Wengine waliwabatiza kwa mikono yao. Wakati ule ule wenzao walikuwa wamefukuzwa Buganda katika vita vya makundi ya dini, wakafika Bukumbi wakiwa hawana kitu. Hata hivyo Monsinyori Livinhac na Mapadri wenzake walimpokea Mwanga, wakampa chakula na mahali pa kulala. Hawakumdai kitu.

Huko Bukumbi mfalme alianza kujifunza dini kama mkatekumeni yeyote. Alikuwa na miaka 20 hivi. Alisikiliza mafundisho, akasali pamoja na wengine, akaona jinsi watu aliowatesa wanavyoishi. Hapa palikuwa njia panda ya pili, na safari hii alielekea upande mwema.

Walioamua kusamehe

Wakati huo Wakristo wa Buganda, Wakatoliki na Waprotestanti, walikuwa wamefukuzwa, wakakimbilia nchi ya Nkole. Walitafuta mfalme wa kuwarudisha nyumbani. Jina la Mwanga lilitajwa, na shauri likawa gumu. Palikuwa na watu katika kambi ile ambao ndugu zao walichomwa moto kwa amri yake.

Mmoja wa wakuu wa kambi alikuwa Honorat Nyonyintono. Mwaka 1886, kwa amri ya Mwanga, mtu huyu alikatwa mwilini mwake, akaharibiwa kwa maisha yake yote. Kama yuko mtu aliyekuwa na haki ya kusema hapana, ni yeye. Lakini Wakristo walimtumia Mwanga habari aje, awe mfalme wao tena. Nyonyintono alikwenda vitani kwa ajili ya yule aliyemtesa, na mwaka 1889 akafa vitani.

Mwanga mwenyewe, katika mwezi Juni 1889, alimwandikia mmisionari Mwanglikana Mackay akimwomba asiyakumbuke mambo ya zamani, akijitangaza kuwa sasa anamfuata Yesu. Barua ile yaonyesha kwamba aliona haya kwa aliyoyatenda. Mwezi Oktoba 1889 aliingia Mengo, mji wake mkuu, akatolewa tena, na mwezi Februari 1890 akarudi kwa kushinda kabisa.

Msamaha wa Wakristo wale haukuwa wa maneno matupu. Walimpa mtu ufalme ambao alikuwa ameupoteza kwa makosa yake mwenyewe. Ni vigumu kuona katika historia ya Afrika deni kubwa kuliko hilo lililofutwa na wenye kudai.

Miaka ya kusimama mlangoni

Ingefaa kusema kwamba tangu siku ile Mwanga alikuwa mtu mpya. Sivyo ilivyokuwa.

Alirudi katika jumba lake, na jumba likamrudia. Wake zake walikuwa wengi, na sheria ya Kristo ilimtaka abaki na mmoja. Bangi ilikuwapo. Wasifuji walikuwapo. Alisema atabatizwa, lakini si leo. Padri Lourdel, rafiki wa ujana wake, alifariki mwezi Mei 1890 bila kuiona siku ile.

Tena mambo ya dini yalikwisha kuchanganyika na mambo ya utawala. Machifu waligawanyika, Wakatoliki huku na Waprotestanti huku, wakigombea vyeo na mashamba. Mwishoni mwa mwaka 1890 Kapteni Lugard alifika na askari wa kampuni ya Waingereza. Tarehe 24 Januari 1892, pale Mengo, Wakristo walipigana na Wakristo. Ndugu katika imani wa wale waliokufa pamoja Namugongo sasa waliuana. Mwanga alikimbia pamoja na Wakatoliki. Miezi miwili baadaye alirudi Mengo na kuhesabiwa upande wa Waprotestanti, kwa kuwa upande ule ndio uliokuwa na nguvu.

Hapo waonekana ugonjwa wa moyo wake. Hakuwa tena mtu wa kuua wenye kusali. Lakini dini kwake ilikuwa kama mti wa kujikinga mvua: mvua ikigeuka, naye hugeuka upande wa pili wa shina.

Mwaka 1894 Waingereza waliifanya Buganda kuwa chini ya ulinzi wao. Mwezi Julai 1897 Mwanga alitoroka mji wake, akaenda Buddu, akainua vita juu yao. Waganda wengi wa leo humheshimu kwa sababu hiyo, wakisema alipigania nchi yake. Na mtu mwenye haki hawezi kumhesabia upendo wa nchi kuwa dhambi. Lakini alishindwa mwezi ule ule. Mtoto wake Daudi Chwa, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja tu, akawekwa kuwa mfalme mahali pake. Mwanga akazunguka porini, akaungana na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, ambaye zamani alikuwa adui wa nyumba yake. Mwezi Aprili 1899 wote wawili walikamatwa.

Kisiwani

Walipelekwa pwani, kisha wakavushwa bahari mpaka visiwa vya Shelisheli, mbali sana na nyumbani. Kisiwani hapakuwa na machifu wa kumsujudia, wala Katikiro wa kumnong'oneza. Kiti cha enzi kilikuwa cha mtoto wake. Kila kitu kilichomzuia mlangoni kilikuwa kimeondolewa, si kwa uamuzi wake mwenyewe, bali kwa nguvu za watu wengine.

Basi huko, katika umaskini ule, Mwanga alichagua. Akaomba Ubatizo, akaupokea katika kanisa la Waanglikana kwa jina la Danieli. Ubatizo unaotolewa sawasawa kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu ni mmoja, na Kanisa huuheshimu. Kabalega naye alibatizwa katika uhamisho ule. Wafalme wawili waliopigana kwa mikuki waliinamisha vichwa vyao chini ya maji yale yale.

Tarehe 8 Mei 1903 Mwanga alifariki huko huko kisiwani. Alikuwa na miaka 35 hivi tu. Mwaka 1910 mifupa yake ilirudishwa Buganda, ikazikwa Kasubi, katika makaburi ya wafalme.

Tangu Kizito alipobatizwa usiku ule wa Munyonyo mpaka Mwanga alipobatizwa Shelisheli, ilipita miaka zaidi ya 12. Maji yalikuwa yale yale. Lakini mtoto aliyapokea siku aliyoyajua. Mfalme aliyapokea baada ya kupoteza kila kitu, na baada ya wengine wengi kupoteza uhai wao.

Mafundisho ya maisha haya

La kwanza: kuijua njia si kuifuata. Mwanga aliwajua Mapadri tangu utoto kuliko machifu wengi. Aliyajua mafundisho. Mkatekumeni anayehesabu miaka yake ya kusoma katekisimu na asihesabu tabia alizoziacha, anafanana na mfalme huyo.

La pili: kosa la ujana hulipwa na watu wengi. Mwanga alikuwa kijana, na ujana wake hupunguza hukumu ya watu juu yake. Lakini ujana wake haukuzima moto wa Namugongo. Kijana anayeshika pombe, bangi, mkuki au bunduki husema ataacha akikua. Pengine yeye atakua. Wale atakaowaumiza huenda wasikue.

La tatu: rafiki hujulikana kwa ukweli anaousema. Yosefu Mukasa alimkemea mfalme, akauawa; Katikiro alimsifu, akaishi. Na siku ya kufukuzwa, sifa za Katikiro hazikuweza hata kumpigia kasia.

La nne: msamaha ni kazi ya waliokosewa, nao huufanya huku wangali na maumivu. Jambo hili linaigusa nchi ya Fizi yenyewe. Tarehe 18 Oktoba 1964, miaka 80 kamili tangu Mwanga atawazwe, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Mashahidi 22 wa Uganda kuwa Watakatifu. Siku 41 tu baadaye, tarehe 28 Novemba 1964, damu ilimwagika Baraka na Fizi. Katika misioni ya Baraka waliuawa Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara; jioni yake, Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didoné na Padri Albert Joubert, mwana wa mama Mkongo na wa Kapteni Joubert aliyepigana na biashara ya watumwa kando ya Tanganyika. Tarehe 18 Agosti 2024, katika mji wa Uvira, wote wanne walitangazwa kuwa Wenyeheri.

Tangu mwaka ule wa 1964 milima ya Fizi imeona vita tena na tena, na vijana wengi wameingia porini wangali wadogo. Wengine wamerudi vijijini. Hukaa nyuma ya kapela, karibu na mlango, wakiogopa macho ya watu. Kwa mama ambaye mwanawe hakurudi, si jambo jepesi kumwona kijana wa namna hiyo akiandikwa katika kitabu cha wakatekumeni. Wala halikuwa jepesi kwa Honorat Nyonyintono, wala kwa Mapadri wa Bukumbi waliofungua mlango na kumwona aliyesimama nje. Lakini walimfungulia.

La tano: mlango wa Mungu haufungwi mbele ya anayetubu, lakini mtu hajui atakuwa na siku ngapi za kuufikia. Mwizi msalabani alipokelewa saa yake ya mwisho, ili asiwepo mtu wa kukata tamaa. Naye ni mmoja tu anayesimuliwa, ili asiwepo mtu wa kungoja saa hiyo. Mwanga alipewa nafasi Mengo, akapewa Bukumbi, akapewa tena Mengo, na mwisho akapewa Shelisheli. Si kila mtu hupewa nafasi nne.

Yosefu Mukasa alimwachia mfalme ujumbe wa msamaha na wa toba. Ujumbe ule ulichukua miaka mingi kufika kutoka masikioni mwa Mwanga mpaka moyoni mwake. Katika mapokeo ya Kanisa, mashahidi huwaombea wale waliowaua. Basi inaruhusiwa kutumaini kwamba siku ile ya Mei 1903, mtu wa kwanza kumlaki Danieli Mwanga alikuwa mtumishi wake wa zamani.

Maswali ya kuzungumzwa pamoja na katekista

1. Maadui watatu wa Mwanga walikuwa wapi? Ni yupi kati yao anayeonekana pia katika vijiji vya leo?

2. Kizito na Mwanga walisikia habari moja. Kwa nini mmoja alibatizwa usiku ule na mwingine akachelewa?

3. Wakristo walipomrudisha Mwanga katika ufalme, walikosa haki au walitimiza Injili?

4. Kijana aliyetenda mabaya akirudi kijijini na kuomba kufundishwa dini, jamaa ya Wakristo wamtendee nini, na yeye awatendee nini wale aliowakosea?

5. Kila mkatekumeni na ajiulize moyoni, bila kumjibu katekista: ni kitu gani kinachomsimamisha mlangoni?